Sakafu Yenye Majina

Kwa miaka tisa nilipiga deki juu ya makaburi. Ndivyo kazi yenyewe ilivyokuwa. Kanisa kuu la ule mji mdogo wa mashariki ya Uingereza halina sakafu kama tunavyoijua sisi. Kuanzia mlango wa magharibi mpaka karibu na madhabahu, unakanyaga watu. Kila bamba la jiwe lina jina, na kazi ya mtu, na siku aliyokufa, na chini yake yumo mwenyewe au kilichobakia chake. Wamo maaskofu, wafanyabiashara wa sufu, mpiga kinanda mmoja, na mabinti waliokufa kabla ya kuolewa.

Asubuhi ya kwanza msimamizi alinipa ndoo na mopu akaniambia nianzie ubavu wa kaskazini. Nikaanza, halafu nikasoma nilipokanyaga, nikasita. Mimi nimelelewa Maskati, katika nyumba iliyozungumza Kiswahili cha Unguja jikoni na Kiarabu sebuleni, na tangu nina akili naambiwa kaburi halikanyagwi wala halikaliwi. Basi nikawa natafuta pa kuweka mguu. Baina ya bamba na bamba kulikuwa na ukanda mwembamba wa jiwe tupu, nami nikawa napita juu ya ukanda huo kwa ncha za viatu, mopu mkononi, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe.

Bibi mmoja wa kujitolea, aliyekuwa akitembeza wageni, alinitazama kwa muda, mikono kaifumbata kifuani.

"Kijana, unacheza ngoma gani hiyo?"

"Nawakwepa watu."

"Watu gani? Hatujafungua bado."

Nikamwonyesha chini kwa kidole. Alicheka mpaka akashika nguzo.

"Basi hapa itabidi uote mbawa," alisema. Alipoona mimi sicheki akaacha. "Hawa wenyewe waliomba, unajua? Wengine waliandika katika wasia. Nizikeni pale watu wanapopita."

"Mtu aombe akanyagwe?"

"Wenyewe walisema ni unyenyekevu. Mimi nadhani walitaka tu kusikia watu wakipita."

Sikumwelewa. Ilinichukua mwezi mzima kukubali kuweka unyayo wote chini, na hata hapo, kila asubuhi kabla ya kuchovya mopu, nilikuwa nikisema kimoyomoyo, mniwie radhi.

Sikwenda Uingereza kutafuta kanisa. Nilimaliza sekondari Maskati, nikafanya kazi ya duka, nikaichoka. Nikenda Dubai, nikaichoka. Nikakaa Dar mwaka na kitu, kisha Unguja kwa jamaa, kisha binamu yangu akanivuta kwake Uingereza, tukawa tunapasua samaki kiwandani. Ndivyo nilivyo. Nikifika mahali, wiki ya kwanza napapenda kama nimezaliwa hapo, mwaka wa pili naanza kuuliza nauli. Kanisa lile ndilo mahali pa pekee ukubwani mwangu nilipokaa miaka tisa, na nadhani sababu yake ni yule bibi na mawe yake.

Wakati wa chai tulikuwa tukikaa upande wa kusini, kwenye baraza lenye matao lililozunguka kiwanja cha majani, mahali walipokuwa wakitembea watawa. Yeye alikuwa na chupa yake ya chai ya maziwa, mimi na yangu ya tangawizi. Alinifundisha kama mtu anayemfundisha mjukuu nyumba ya ukoo. Kwamba mawe yale meupe hayakutoka Uingereza, yalivushwa kwa mashua kutoka Ufaransa, yakapandishwa mtoni, yakaingizwa kwa mfereji uliochimbwa mpaka ukutani, na kazi hiyo ni ya miaka mia tisa iliyopita. Kwamba nguzo nyingine zina rangi ya waridi kwa sababu ziliungua, jiwe likipata moto linageuka rangi na halirudi tena. Kwamba mnara wa kwanza ulianguka kwa dhoruba, ukajengwa wa pili. Kwamba masanamu hayana nyuso kwa sababu siku za vita vyao wenyewe kwa wenyewe askari waliingia na nyundo, na wengine wakapiga bunduki dari. Alinionyesha matundu. Alinionyesha pia viti vya wanakwaya ambavyo ukivikunja chini yake pamechongwa mbweha kavaa joho, anawahubiria mabata bukini.

"Miaka mia tano na ushei wanachekesha watu," alisema, "na hakuna askofu aliyethubutu kuwang'oa."

Lakini nilichokipenda zaidi kilikuwa alama za waashi. Kila mwashi aliyechonga jiwe alilitia alama yake ndogo, ili kazi yake ijulikane. Mmoja alichora mshale, mwingine mfano wa samaki. Mmoja alichora kitu kama panda ya manati, lakini ncha moja fupi. Huyu wa panda nilimfuata kama mtoto anayefuata nyayo. Yumo ukuta wa kaskazini, yumo kwenye tao la tatu, yumo chini ya ngazi ya mnara, kisha hayumo tena.

"Aliishia hapa," alisema yule bibi. "Alihama, au alikufa."

"Jina lake?"

"Hakuna anayelijua. Waliolala chini tunawajua kwa majina. Waliojenga tunawajua kwa mikwaruzo."

Mama yangu alikuwa Maskati muda wote huo, nyumbani kwa kaka yangu mkubwa, Khuwair ya Kusini. Nilikuwa nikimpigia simu kila Ijumaa. Mwaka wa kwanza nilimficha. Nilimwambia nafanya kazi kwenye jumba la zamani. Alikuwa hafichiki.

"Jumba la nani?"

"La serikali, mama."

"Na hizo kengele nnazozisikia?"

Niliziba simu kwa kiganja, nimechelewa.

"Kanisa," alisema.

"Kanisa, mama. Nafagia tu na kupiga deki."

Nilisikia anavuta pumzi. Yeye alizaliwa Unguja, akakulia karibu na lile kanisa la mawe la mjini, na alikuwa akisema kengele zake ndizo zilizokuwa saa ya nyumba yao.

"La zamani sana?"

"Miaka mia tisa."

"Ah! Miaka mia tisa? Hilo si kanisa tena, baba, hilo ni gofu. Wewe fagia. Lakini usije ukabatizwa kwa bahati mbaya na hilo ndoo lako."

Tangu siku hiyo akawa ananiuliza habari za gofu langu. Paa limevuja? Wageni wamekuja wangapi? Na wale walio chini, hawajambo? Swali hilo la mwisho alilipenda mno. Mara moja nikamsomea kaburi la mwanamke mmoja, mke wa mfanyabiashara wa sufu, aliyezikwa pamoja na watoto wake wanne. Akataka nimsomee tena. Kisha akasema, "Maskini. Angalau wanajua alipo."

Ulipokuja ule mwaka wa maradhi, viwanja vya ndege vikafungwa, na kanisa nalo likafungwa. Lakini nyumba kongwe ikiachwa peke yake wiki mbili huanza kuugua, kwa hivyo wawili watatu miongoni mwetu tulipewa ruhusa ya kuingia kwa zamu, kutazama mabomba na mavujo. Nilikuwa peke yangu humo ndani asubuhi hiyo. Mvua ilikuwa imepenya kwenye bati la madini ya risasi juu ya ubavu wa kaskazini, nimetega ndoo, nasubiri ijae. Simu ikalia. Kaka.

"Mama ametangulia," alisema.

Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka niliuliza atazikwa lini, akasema alishazikwa. Alikaa hospitali siku sita, hawakutaka kunitia hofu, na maziko ya wakati ule hayakuwa ya kungoja.

"Nani alimteremsha?"

Kwetu mwanamke huteremshwa kaburini na maharimu wake, wanaume wa karibu wasiojuzu kumuoa. Mwanawe akiwepo, ni mwanawe. Hilo ni jambo la mwisho ambalo mtoto wa kiume anaweza kumfanyia mama yake, kumpokea kwa mikono na kumlaza kwenye mwanandani wa kaburi, ubavu wa kulia, uso kibla.

"Mimi," alisema kaka. "Nimemteremsha kwa mikono yangu mwenyewe. Usiwe na wasiwasi, mdogo wangu. Nimemlaza vizuri."

Nilikaa chini. Nililia kwa muda mrefu, na ndani ya jumba lile kilio kinakwenda mpaka juu kwenye matao na kinakurudia, ukadhani kuna mwingine. Niliponyamaza ndipo nikatazama nimekaa juu ya nani. Niliinuka haraka, nikaomba radhi, nikamwaga ndoo.

Nilirudi Maskati miaka miwili baadaye. Watu waliniuliza nimerudi kwa nini, na nikawapa majibu ya kawaida, baridi, makaratasi, umri. Nilirudi kusimama kwenye kaburi la mama. Nilikuwa nimetembeza macho juu ya majina ya watu wa miaka mia tatu, mia nne, najua nani kalala na nani, na sijui mama yangu mwenyewe amelala wapi.

Kaka alinipeleka Ijumaa ya kwanza baada ya sala. Makaburi yapo nje ya mji, nyuma ya majabali, bonde kavu lenye changarawe. Asiyeyajua makaburi ya kwetu angedhani ni mahali palipomwagwa mawe. Hakuna jina, hakuna tarehe, hakuna saruji. Mwanamume mawe mawili, mwanamke mawe matatu, mawe yaleyale ya jabali, hayakuchongwa. Ndivyo tulivyofundishwa, kwamba mbele ya Mungu hakuna wa jina kubwa. Nilikuwa nikilijua hilo tangu utoto. Lakini miaka tisa ya sakafu ile ilikuwa imeniharibu macho. Nilitembea nyuma ya kaka natafuta maandishi.

Alipita safu kadhaa, akasimama.

"Huyu hapa."

Mawe matatu, la katikati limeinama kidogo. Kaka akatoa salamu kwa walio makaburini, akainua mikono. Mimi sikuweza hata kuomba dua. Nilichuchumaa nikatazama changarawe, nikasema, mama, gofu halijambo.

Nilipata kazi Rusayl, kwenye ghala la vigae na marumaru, na Ijumaa nikawa nakwenda mwenyewe kwa gari la kuazima. Mara ya tatu nilipotea. Nilizunguka chini ya jua karibu saa nzima, mawe matatu, mawe matatu, mawe mawili, mawe matatu, mpaka nikaliona lile lililoinama, kama kweli lilikuwa lenyewe. Nilikuwa kama mtu aliyepoteza mtoto sokoni. Hapo ndipo nilipofanya kosa. Nilirudi garini nikachukua msumari, nikachuchumaa, nikakwaruza alama chini kabisa ya jiwe la kichwani, upande ambao mtu hawezi kuuona mpaka ainame. Ndogo kuliko kucha. Mfano wa panda, ncha moja fupi.

Najua nilifanya nini. Katika familia yetu kutia alama kaburi ni jambo la aibu, la watu wanaotaka kujionyesha hata wakishakufa. Lakini nilirudi nyumbani nikala, na nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu ile simu.

Siku ya pili ya Idi tulikwenda tena pamoja, mimi na kaka. Alikuwa na furaha siku hiyo, ananitania njia nzima.

"We bwana, arubaini na ngapi sasa, na mke huna. Tukutafutie, au wamekufunga huko kanisani uwe mtawa?"

"Nitafutie, kaka. Lakini asiwe na mama mkali."

"Mama mkali ndiye atakayekuweka mahali pamoja!"

Tukashuka. Alitembea mbele, kanzu yake nyeupe inapigwa na upepo, akapita safu, akasimama kwenye mawe matatu, akainua mikono. Mimi nikabaki nyuma. Mawe yale yalikuwa yamesimama wima, yote matatu. Nilitazama kushoto. Lile lililoinama lilikuwa safu mbili upande huo.

Nikasubiri amalize dua.

"Kaka, siye huyo."

"Siye nani?"

"Siye mama. Mama yule kule."

"Acha hizo. Jua limekuingia kichwani."

"Nimetia alama, kaka."

Alinigeukia. Sijapata kumwona na uso ule. "Umefanya nini?"

"Alama ndogo. Ulivyonionyesha siku ya kwanza, nikatia alama, nisipotee."

"Umechora kaburi?" Sauti yake ilipanda, watu waliokuwa wakizuru upande wa pili wakatugeukia. "Umekaa na makafiri mpaka umekuja kuchora kaburi la mama yako? Astaghfirullah! Hata haya huna?"

"Ni la mama kweli?" nilimuuliza. "Nililolichora, ni la mama?"

Alitembea kurudi kwenye gari, haraka, karibu anakimbia, mtu wa miaka hamsini na kitu. Nilipomfikia alikuwa ameshakaa, mikono juu ya usukani, gari halijawashwa. Niliingia nikafunga mlango. Tukakaa. Joto la mle ndani lilikuwa halivumiliki, na hakuna aliyefungua dirisha.

"Nilikuwa garini," alisema.

"Gari gani?"

"Hili hili. Pale." Alionyesha kwa kidevu, getini. "Siku ile. Na mimi nilikuwa nimeshapata maradhi, nilikuwa kwenye karantini, hata kutoka nyumbani ilikuwa haijuzu. Nilitoroka. Nikafuata gari ya maiti mpaka hapa. Hawakuniruhusu kuingia, na walikuwa na haki. Nikakaa humu, vioo juu."

"Nani aliyemteremsha?"

"Sijui. Watu wamevaa mavazi meupe, mpaka usoni. Siku hiyo walizika watatu. Nikaona upande walikokwenda, sikuona kaburi. Nilikuwa najaribu kuhesabu hatua zao. Nikaanza kukohoa, nikapoteza hesabu."

Nilikuwa nikimtazama ubavu wa uso. Alikuwa akilia bila ya sauti, machozi yanaingia ndevuni, anayaacha.

"Kwa nini ulituambia ulimteremsha?"

"Ungelala wewe, huko? Ningekwambia, mama kashikwa na watu tusiowajua, ungelala?" Akajifuta kwa mkono wa kanzu. "Nilisema mara moja, kwenye simu, kwako. Kisha nikamwambia dada. Kisha watu wakaja kunipa mkono wa tanzia, wakasema una bahati, umemteremsha mama yako. Nikasema, alhamdulillahi. Sasa nirudi vipi nyuma?"

Nilitaka kukasirika, na hasira nilikuwa nayo, lakini haikupata pa kukaa. Nilikuwa namwona mtu yule ndani ya gari, vioo juu, anahesabu hatua za wengine.

"Na siku ya kwanza uliponionyesha?"

"Nilichagua," alisema. "Ulikuwa umetoka mbali."

Ijumaa iliyofuata nilikwenda peke yangu na kipande cha msasa. Nilitaka kuifuta ile alama, kwani nilikuwa nimemchora mama wa watu. Nilichuchumaa, nikaipata. Nikasugua mara mbili, nikaacha. Sikuweza kusugua, na sikuweza kuinuka. Mama wa watu, na huenda vilevile ni mama yangu. Alikuwa mmoja katika safu ile au ya pili yake au ya tatu. Nilitembea safu zote tatu, mwanzo mpaka mwisho, nikitoa salamu kwenye kila mawe matatu, na kila nilipopita niliangalia mguu wangu unakwenda wapi. Kule Uingereza nilijifunza kukanyaga. Huku sikuweza hata kusimama nikatulia.

Dada yetu ameolewa Unguja, hajafika Maskati tangu kabla ya msiba. Alinipigia simu wiki hiyo, alasiri, mimi nipo Khuwair kwa kaka. Mke wa kaka alikuwa ametoka. Kaka alikuwa jikoni anaosha vikombe vya kahawa, na mlango ulikuwa wazi.

"Kaka, nasikia unakwenda makaburini kila Ijumaa," alisema dada.

"Nakwenda."

"Umeliona kaburi la mama?"

Maji yalikuwa yanatiririka jikoni. Sikugeuka.

"Nimeliona."

"Lipoje? Niambie vizuri, we si hodari wa kueleza mawe wewe. Nataka niwe nalo kichwani. Mimi nikija hawataniacha niingie mpaka ndani, najijua nitakavyolia."

Basi nikamweleza. Nilimwambia lipo upande wa jabali, alasiri linapata kivuli mapema. Mawe matatu, la katikati limeinama kidogo. Changarawe yake safi. Nilimwambia pana utulivu, unasikia upepo tu. Alikuwa akinisikiliza kimya, mara kwa mara anasema enhe.

"Na kaka mkubwa alimteremsha mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Kwa mikono yake?"

"Kwa mikono yake. Alimlaza vizuri."

Nilisikia anashusha pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo. "Alhamdulillahi," alisema. "Basi mimi nimeridhika. Wallahi nimeridhika." Kisha akaniuliza kuhusu kazi na kuhusu joto, nikamjibu, tukaagana.

Kaka alikuwa bado amesimama mbele ya bomba, mgongo kanipa. Alikuwa amesikia kila neno langu. Kikombe alichokishika kilikuwa kimeshatakata zamani, naye aliendelea kukiosha.